Magogo yangu kumi na moja ya moto wa bustani yalivyoishia chini ya masufuria ya pilau Mafinga

Poleni na baridi wakuu, hasa mlioko huku kwetu ambako mwezi wa saba mtu anaoga baada ya kujadiliana na nafsi yake.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo naandika, na yote nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Sitaficha hata pale ninapoonekana mjinga. Hasa pale.

Naishi Soweto, Mbeya, na ninaandika riwaya. Nimemaliza mbili, zote bado zimelala kwenye laptop.

Mambo yalianza nilipompenda Neema, fundi cherehani wa Mafinga. Baba yake amepasua mbao maisha yake yote. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha alinikaribisha vizuri, akaniuliza kazi yangu. Nikasema mimi ni mwandishi wa riwaya.

"Sawa," akasema. "Na mchana unafanya nini?"

Wakuu, niliaga mapema.

Wiki ile ile nikakutana na video moja mtandaoni. Mtu kachukua kipande cha gogo, urefu wa kufika magotini, akakisimamisha wima. Akakikata kwa chenso, ule msumeno wa injini, kutoka juu kwenda chini mara mbili, alama ya msalaba, akaacha kama shubiri moja chini bila kukata ili lisiachane. Kisha akawasha katikati, kwa juu.

Moto ukashuka ndani kwa ndani. Gogo likasimama peke yake likiwaka kama mshumaa mnene, zaidi ya saa mbili, bila mafiga wala kuchochea. Mwanga unachungulia kwenye nyufa kama watu wanaocheka ndani ya nyumba iliyofungwa.

Nikasema hii ndiyo business yangu. Mafinga magogo yapo mpaka yanakera, Mbeya baridi ipo. Ni nani atakataa?

Nikampata fundi chenso wa Mafinga anaitwa Kastori, mtu wa maneno machache. Akanikatia magogo kumi ya paini. Nikayapakia kwenye Fuso moja kwa moja hadi Mbeya, kwa mwenye bar moja yenye bustani.

Hapa nitulie kidogo niwaambie kitu ambacho Kastori hakuniambia kwa sababu sikumuuliza: paini mbichi haiwaki, inalia. Ilitoa moshi mweupe, halafu mweusi, halafu wa rangi ambayo sina jina lake. Wateja wakakimbilia ndani na sahani zao za nyama choma.

Mwenye bar akaja anafuta macho. "Kijana, umeniletea moto au umeniletea fumigation?"

Nikarudi Mafinga nimenyooka. Safari hii nikauliza. Kastori akasema, "Kausha." Nikauliza muda gani. Akasema, "Mpaka likauke."

Basi nikanunua magogo mengine, nikakausha. Miezi mitano chini ya bati, nikiyageuza kila nilipokwenda kumwona Neema. Mwenyewe alisema nayaangalia magogo kuliko ninavyomwangalia yeye. Nikajifunza kukata mwenyewe. Nikajifunza kuweka vijiti vya paini vyenye utomvu pale kwenye mpasuo ili moto ushike haraka. Yalitoka magogo kumi na mawili, makavu, ukiyagonga yanalia kama mlango.

Sasa ikafika send-off ya dada yake Neema, pale pale nyumbani kwao, uwanjani chini ya turubai. Baba mkwe mtarajiwa akaniita.

"Nasikia sasa unafanya kazi ya mti. Nataka niione uwanjani kwangu, mbele ya wazee wenzangu. Nikiridhika, nitawapokea wazee wako. Nisiporidhika, endelea na riwaya."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mwandishi tu anaweza kulifanya.

Nikaona siwezi kupeleka magogo bila maelezo. Nikaandika karatasi kumi na mbili kwa mkono wangu, nikazifunga kwa uzi wa katani, moja kwa kila gogo. Ziliandikwa hivi:

"Mimi ni mgeni wako wa jioni. Nisimamishe kwa heshima, unipe cheche utosini, nami nitakusimulia joto hadi neno langu la mwisho."

Kwenye kundi letu la waandishi nilipigiwa makofi kwa maneno hayo. Jamaa mmoja nusura machozi yamtoke.

Asubuhi ya send-off nikayapeleka magogo kwa guta, nikayapanga vizuri ukutani, nikarudi guest kubadili nguo. Nilirudi saa kumi jioni na suti yangu. Nikasikia harufu ya pilau. Tamu sana. Nikafurahi.

Nikafika nyuma ya nyumba.

Shangazi yao mkubwa, Shangazi Imelda, ndiye aliyekuwa kamanda wa jiko. Alikuwa amesimama na shoka.

"Kamwene, mwanangu!"

"Kamwene, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeleta hizi kuni? Mungu akuzidishie! Tangu nianze kupika shughuli sijaona kijana mwenye huruma kama wewe. Umetupasulia nusu kabisa! Nagusa tu hivi, pwaa, linaachana!"

Magogo kumi na moja, wakuu. Miezi mitano ya maisha yangu yote ilikuwa chini ya masufuria matatu, inachemka.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hakuona karatasi.

"Nimeiona, nikawasomea wenzangu." Akawageukia akina mama wenzake. "Si ile ya cheche utosini?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. "Tukajua aliyeandika alikuwa amelewa," akasema Shangazi, "tukawashia moto."

Gogo la kumi na mbili lilikuwa limepona kwa sababu Shangazi alilikalia wakati wa kuchambua mchele. Nikamwomba.

"Na mimi nikae wapi?"

Nikaenda kuchukua kiti kwenye meza ya wageni wa heshima, chenye kitambaa na ribbon. Akakaa, akajipima, akaridhika. Nikabeba gogo langu begani, na suti yangu.

Kastori nilipompigia aniokoe kwa magogo mengine alikuwa Makambako na chenso yake. Neema akaninong'oneza, "Sema gari la mzigo limeharibika njiani." Nikataka kusema hivyo. Lakini baba yake alikuwa ameshasimama mbele yetu.

"Niliambiwa kumi na mawili. Yako wapi?"

"Baba, kumi na moja yanapika pilau."

Akaniangalia. Akaangalia kule jikoni. Hakucheka. Akasema, "Washa hilo."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni. Kiberiti kikazima mara mbili. Cha tatu kikashika utomvu, moto ukasita, ukaingia ndani ya gogo kama mtu anayeingia kwake. Dakika chache tu nyufa zote nne zikawa nyekundu. Hakuna moshi.

Wazee wakaanza kusogeza viti. Kama magogo yangekuwa kumi na mawili, kila mtu angekaa na lake. Kwa kuwa lilikuwa moja, wazee wa kwao na wazee wa upande wa bwana harusi wakajikuta magoti yanagusana, wanacheka, MC anawaita hawasikii.

Halafu Shangazi akaja na birika la chai, akalitua juu ya gogo langu. Nikanyoosha mkono kumzuia. Baba mkwe akanishika mkono.

"Acha. Umekausha muda gani?"

"Miezi mitano."

"Chini umeacha kiasi gani?"

"Shubiri, Baba."

Akainama akaangalia birika lilivyotulia bila kuyumba. Chai ikachemka. Akamiminiwa, akanywa yote, akaweka kikombe.

"Wazee wako waje Jumapili."

Wakuu, walikwenda. Na hapa ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Nilichojifunza ni kwamba mti ukaushe kwanza, na maelekezo ya bidhaa si mahali pa kuonyesha kipaji. Siku hizi naandika: WASHA JUU. USIPASUE. Napata order kutoka lodge za Iringa na hata kwa yule mwenye bar, na sijasikia tena shoka.

Lakini jana barua ya mahari imefika. Blanketi la bibi lipo, koti la babu lipo, jembe lipo. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, imeongezwa: "Magogo arobaini ya Shangazi Imelda. Safari hii apasue mpaka chini."

Nimpelekee yalivyo nimfundishe kuwasha, au nipasue nioe?

Wenye uzoefu na mashangazi, uwanja ni wenu.