Nyumba Iliyoipa Bahari Kisogo

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Mama Mashuka ni kwamba anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Hufika mlangoni na beseni kiunoni, hugonga kwa kifundo cha kidole, husema "Hodi," kisha husubiri. Ndani hamna mtu. Tangu nyumba ile ya wageni ipakwe rangi, vyumba vyake vitatu havijalalwa na mgeni hata mmoja. Lakini yeye husubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kuvaa, ndipo huingia na kubadilisha mashuka ambayo hayakuchafuka.

"Unamwamsha nani?" mumewe humuuliza kutoka barazani.

"Nazoesha mkono. Siku mgeni akija, nisije nikamfumania na taulo."

Mashuka ndiyo maisha yake. Ujana wake wote uliishia katika chumba cha kufulia cha hospitali moja mjini, kwenye mvuke na ngurumo za mashine, akifua, akipiga pasi na kukunja. Alipostaafu, wenzake walidhani atafungua kibanda cha biashara hukohuko mjini. Yeye akarudi alikozaliwa, kijiji kilicho mwisho wa barabara, ng'ambo ya daraja la mbao, ambako usafiri ni lori moja tu linaloleta bidhaa na kurudi na samaki. Msafiri huketi mbele na dereva. Nafasi zikijaa hupanda juu ya mizigo, na humshukuru Mungu akifika na meno yote.

Kiinua mgongo chote akakifukia katika nyumba ile. Alikuwa ameona jambo moja: watu wa mjini wameanza kuja kuulizia viwanja. Walifika asubuhi, wakatembea mchangani viatu mkononi, wakasema "hapa pazuri," na jioni wakarudi na lori lilelile kwa kukosa pa kulala. Akajiambia, hawa wakipata kitanda na shuka safi watakaa.

Nyumba ikaisha. Wakaja, wakachungulia vyumba, wakaondoka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ana duka la vifaa vya ujenzi na mdomo usio na breki. "Shemeji," alimwambia, "nyumba ya wageni isiyo na wageni ni ghala ambalo halijajitambua. Nipe nijaze saruji yangu." Maneno yakawa mengi, hata mumewe akaamua kuyakata. Mvua kubwa ikianza barabara hufungwa. Basi, lori la mwisho kabla ya mvua likija bila mgeni, vyumba vitakuwa ghala. Mama Mashuka akakubali.

Ndipo akaja dada mmoja, daktari wa meno, kutazama kiwanja. Aliingia chumbani, akalaza kiganja juu ya kitanda, akasema hajapata kuona shuka lililonyooka hivyo. Kisha daktari akageuka huku na huku.

"Mama, bahari iko upande gani?"

"Si hapo nyuma ya ukuta, mwanangu. Ukinyamaza utaisikia."

Daktari akautazama ukuta mtupu. Dirisha la pekee lilielekea uani, kwenye tangi la maji na kamba za nguo. Akatabasamu kwa upole, kama wanavyotabasamu watu wanaokaribia kukung'oa jino, akaacha namba ya simu ili aambiwe kiwanja kikipatikana, akaenda zake.

Mama Mashuka alitoka nje akazunguka kijiji kizima kama mgeni. Nyumba ya marehemu mama yake, ya shemeji, za majirani, hata shule, zote zimeipa bahari kisogo! Amekulia hapa, na hakuwahi kujiuliza. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, fundi aliyemjengea.

"Baba mdogo, kwa nini hukuniwekea dirisha upande wa bahari?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini paa liko juu. "Bahari haina adabu, mwanangu. Ukiifungulia dirisha inaingia na chumvi yake na mchanga wake, bawaba zinaoza, godoro linanuka. Sisi tunaifuata hukohuko, tunamaliza shughuli, tunarudi. Nani anataka kuiona tena akiwa kitandani?"

"Wageni."

"Wanaangalia nini?"

Swali hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi iliyofuata alichukua kigoda, akakiweka nyuma ya nyumba, akakaa akiielekea bahari. Maisha yake yote alifika pale kwa kazi: kusugua vyungu kwa mchanga, kuokota chaza, kupokea samaki. Hakuwahi kufika mikono mitupu, na sasa hakujua aiweke wapi.

Mwanzo aliona maji tu. Baadaye aliona kwamba maji hayana rangi moja. Karibu na mchanga yalikuwa kama chai ya maziwa, mbele yake kijani cha chupa, na mbali kabisa buluu nzito. Ndege mwenye miguu mirefu alilifukuza wimbi, kisha wimbi likamfukuza yeye. Kaa wadogo walitoka matunduni wote kwa pamoja. Alipokohoa, wakaingia wote kwa pamoja. Akangoja watoke, akakohoa tena makusudi.

"Mke wangu, chai inapoa," mumewe alimwita. "Unafanya nini hapo?"

"Njoo uone. Kohoa."

"Nini?"

"Kohoa, nimesema!"

Mume akakohoa. Kaa wakatoweka. Akaenda kuleta kigoda chake.

Siku hiyohiyo baba mdogo aliombwa atoboe ukuta. Alikataa, akalalamika, akachukua nyundo na tindo huku akilalamika. Shemeji alikuja kutazama.

"Shemeji, unatoboa nyumba ili watu waone maji? Si wafungue bomba!"

"Bomba lako lina kaa?"

"Haya. Nikileta saruji yangu, nitamuuzia fundi mfuko wa kuziba hilo tundu. Bei ya ndugu."

Tofali la kwanza lilipoangukia nje, mwanga uliingia na kuanza kucheza darini, ukitikisika kama maji. Baba mdogo akaacha kugonga, akainua uso. "Hii sikuijua," akasema.

Mama Mashuka akapanda mwinuko wa nyuma ya zahanati, ambako mtandao hupatikana, akampigia daktari.

"Kiwanja bado, mwanangu. Lakini ukuta nimeutoboa."

Daktari alicheka. Akasema ana mama yake, mkulima wa bara, ambaye hajapata kuiona bahari maisha yake yote. Miguu imechoka, mchangani hawezi kutembea. "Akilala kitandani, ataiona?"

"Ngoja nikajilaze, nitakupigia."

Alikimbia nyumbani, akajitupa kitandani. Kichwa kikiwa juu ya mto, aliona mbingu tu. Baba mdogo akaitwa tena, aje kuinua kitanda kwa matofali. "Mara ukuta, mara kitanda," alinung'unika, "kesho utaniambia niisogeze bahari." Mama Mashuka akajilaza tena. Mstari wa buluu ukakaa sawasawa juu ya kizingiti cha dirisha.

"Ataiona," akasema simuni akiwa amerudi mwinukoni, akihema.

"Basi tutakuja na lori la Ijumaa, mama akikubali kupanda. Anaogopa magari."

Ijumaa ilipambazuka na mawingu mazito. Kila mtu alijua kwamba hili ndilo lori la mwisho, na kwamba saruji ya shemeji iko humo. Dirisha lilikuwa bado halina kioo, lina pazia tu. Mama Mashuka alitandika shuka jeupe kuliko yote, akaenda kusimama kando ya barabara na mumewe. Shemeji alikuwa ametangulia na wapakuzi wawili.

"Shemeji, hawa wapakue mifuko au masanduku?"

"Utaona mwenyewe."

"Mimi sina ubaya. Mgeni akiwepo, nitambeba begi hadi chumbani kwa mikono yangu."

Honi ikalia ng'ambo. Lori likatokea, limelemewa, likiyumba kama bata. Jua lilichungulia kati ya mawingu na kukipiga kioo cha mbele. Mama Mashuka akajikinga macho kwa kiganja.

"Unaona wangapi?" mumewe akauliza.

"Dereva."

"Na nani?"

"Subiri, bwana, kioo kinang'aa!"

Lori likaingia darajani polepole, mbao zikilia moja baada ya nyingine, na mng'ao wa jua ukaanza kukiacha kioo.