Simu Iliyokataa Kuvuka Mpaka

Nimeketi chooni kwangu, Tunduma, ardhi ya baba zetu, ujumbe unaingia: karibu Zambia. Mwe! Nani kavuka? Mimi hata gauni sijashusha.

Ndivyo tulivyoishi miaka ile simu za kupangusa za Kichina zilipoanza kumwagika mjini, sisi tukihesabiwa bado watu wa mkoa wa Mbeya. Mnara wa Zambia ulikuwa na nguvu kuliko wetu, na simu haina uzalendo, inamfuata mwenye sauti kubwa. Ikishanaswa huko, hata ukipokea tu unakatwa salio. Kwa hiyo kila mwenye akili zake aliingia kwenye mipangilio, akachagua mtandao wa nyumbani kwa mkono, akaifungia simu humohumo. Mimi niliifungia kwa hasira kabisa. Wazambia nawauzia vitenge kutwa, halafu na salio niwape bure?

Tatizo, kibanda changu kilikuwa katikati ya mabati ya soko, na mtandao wetu ulifika pale kwa kunusa tu. Chaji haikufika jioni. Nikamwendea fundi simu wa jirani, baba mmoja mnene mwenye maneno kama mchungaji, nikamwambia betri aliyoniuzia ni feki.

"Dada, betri ni nzima," akasema. "Simu ina modemu ndani, kidude cha kuongea na mnara. Ikiukaribia mnara, inalala. Kila baada ya kitambo inatega sikio: nimeitwa? Hapana. Inalala tena, kama mama mwenye kichanga. Mnara ukiwa mbali, inabidi ipaze sauti. Ikiupoteza kabisa hailali, inahangaika kuutafuta, na huko ndiko chaji inakoishia. Iachie iende Zambia ikapumzike."

"Nenda wewe Zambia," nikamjibu, nikaondoka zangu. Ushauri wa bure niliudharau siku zote.

Mama yangu alikuwa kijijini Kamsamba, mjane, hajui kusoma, na kwa mambo ya chaji alinishinda mbali. Nyumbani kwake mtandao haukuwepo, ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya majaruba ya mpunga. Basi simu yake ya vitufe aliizima, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akinitaka anapanda kichuguu, anaiwasha, anabonyeza mbili, nilikoiweka namba yangu, tunaongea, anaizima. Chaji moja, wiki mbili. Ila mimi sikuweza kumpigia, mpaka anipigie yeye.

Jicho lake la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa njiani, na nesi alituambia wazi kwamba likienda, halirudi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Chitete Alhamisi moja tu, na gari lingepita Kamsamba saa tano asubuhi kuwachukua wagonjwa. Mama aliogopa kisu cha daktari kuliko simba. Tulibishana wiki nzima, mwisho akachoka.

"Haya. Siku yenyewe nitakupigia. Ukiniambia panda, nitapanda."

"Nitakuambia, mama. Simu itakuwa mkononi."

Usiku wa kuamkia Alhamisi umeme ukakatika. Asubuhi nilikuwa na chaji nusu, nikasema inatosha. Saa tatu naitazama, inatafuta mtandao. Nikainyanyua juu, nikaizungusha, nikaitukana, ikapata mstari mmoja, nikaiweka mezani. Wakaja Wazambia wawili wanataka vitenge vya harusi, wanabishia bei kwa Kibemba na Kiswahili, nami nikabisha nao kwa raha zangu. Walipoondoka na vitenge vyao ilikuwa saa sita kasoro. Kioo cha simu kilikuwa cheusi.

Nilikimbia kwa fundi nywele wima. Akaitoa laini yangu, akaitia kwenye simu yake, nikapiga. Mama alishazima ya kwake. Nilipiga mpaka fundi akaninyang'anya simu taratibu, akanipa kiti.

Kesho yake nikapanda gari la Kamsamba. Nilimkuta anachambua mchele kwa vidole. Nikaanza kwa ukali, ndiyo tabia yangu nikiwa na makosa.

"Mama, kwa nini hukupanda gari?"

"Nilipiga mara tano. Yule mwanamke wa ndani ya simu akasema hupatikani. Gari likapiga honi. Nikawaambia subirini, mwanangu hajasema."

"Si ungepanda tu!"

"Niliogopa, mwanangu."

Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena. Simu niliifungulia siku hiyohiyo, iende Zambia, iende hata Kongo. Lakini mama alishapoteza moyo na hakutaka tena kusikia habari za madaktari. Nilibembeleza, nikalia, nikanuna, mpaka mpunga ukavunwa. Alipokubali nimpeleke hospitali Mbeya, alikuwa anatembea ameshika bega langu.

Daktari alimulika jicho la kulia muda mrefu. Akazima tochi, akasema hapa hakuna la kufanya. Kisha akanigeukia mimi.

"Mlikuwa wapi siku zote? Kwa nini hamkumleta mapema?"

Mimi, mwenye mdomo wa kuwashinda wafanyabiashara wa nchi mbili, nikatazama sakafu.

"Barabara, daktari," nikasema. "Barabara ya kwetu mbovu."

Mama alikuwa ameketi kando yangu, uso kauelekeza ukutani. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Mbovu sana," akasema.