Dada Hakupokewa Chuoni

Wewe ni mtu wangu, sikufichi. Juzi darasa la jioni mwalimu wetu wa Kiingereza kaandika ubaoni neno "absurd". Kasema maana yake ni jambo lisilo na akili. Mwenzetu akauliza limetoka wapi. Limetoka Kilatini, akajibu, na huko maana yake sauti isiyopatana na nyengine, na ndani yake mna neno lenye maana ya kiziwi. Wenzangu wakacheka. Mie nliweka kalamu chini.

Dada yangu alikuwa haskii. Tukikaa Mji Mkongwe, kwa bibi. Bibi akichoma mikate ya ufuta, dada ndiye akipepea makaa na kunyunyiza ufuta, na jirani akipita kuchukua mikate yake akimwita punguani, tena mbele yetu.

Siku ya kuanza chuo cha Kurani mama alitupeleka sote wawili, na sahani mbili za bisi na tende za kuwagaia watoto. Maalim akanambia niseme alif, nkasema. Akamgeukia dada. Dada akamtazama midomo, akafungua yake vile vile, ikatoka sauti nzito ya kooni. Chuo kizima kikaangua kicheko.

"Huyu mrejeshe, Bi. Hana akili ya kusoma."

"Macho anayo, Maalim. Muandikie, ataandika."

"Kamfunze kupika."

Sahani yangu ikagaiwa. Ya dada ikarudi naye, na yeye, masikini, akidhani kapokewa, akawa anampa bisi kila tunayepishana naye uchochoroni. Jirani akachota gao zima la mkono.

"Hoo, leo punguani kawa msomi," akamwambia mama, huku anatafuna.

Mama akamvuta dada mkono, tukenda zetu. Asubuhi yake dada kavaa ukaya mweupe kichwani, juzuu kwapani, kasimama mlangoni ananingoja. Mama akamvua ukaya.

Bibi alipofariki, dada akapelekwa Bwejuu kwa shangazi kupiga makumbi ya nazi ya kusokotea kamba. Huko homa ikamchukua, kafa hajui kuandika hata jina lake. Nyumba ya bibi ishauzwa, maalim keshafariki. Kila nikisali namuombea maalim maghfira, na kila siku moyo wangu unakataa kumsamehe.

Siku hizi zipo skuli za kufunza kwa ishara. Basi ukimjua mwenye mtoto asoskia, mhadithie haya, naye amhadithie mwengine. Mwambie ampeleke akasome. Wakimrejesha, asiondoke pale mlangoni. Mama yangu aliondoka.