Citerne tuliyoikataa Kasungami

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya tu, siku zote napita na kusoma ya wengine. Leo naandika yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaandika kama yalivyotokea, maana nilikuwepo.

Kiswahili chetu cha huku mnakijua, kimejaa Kifaransa. Nitajitahidi tuelewane. Ila pale watu wanapoongea nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Niiteni Mama Odia. Napika bukari, ugali wetu wa huku, nauza Kasungami kando ya barabara yenye ateliers, karakana za malori. Lori la migodini likipasuka chassis, likivunjika springi, linaletwa pale.

Mume wangu Ilunga alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa Vieux Kabeya. "Vieux" kwetu ni heshima, kama mnavyosema mzee.

Mchana Ilunga alikuwa anakuja kula kwangu na wenzake. Anapanga mstari kama mteja yeyote. Akifika mbele ananiambia, "Mama, leo ongeza lenga-lenga." Wenzake wanacheka, mimi namwongezea mboga.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Asubuhi moja ya kiangazi ililetwa citerne, lile tangi la lori la kubeba mafuta. Ilikuwa inavuja kwenye maungio. Dereva alisema ilishamwagwa kitambo, haina kitu.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nachambua mboga. Nilimwona Ilunga anapanda, anainama kwenye mdomo wa tangi, ananusa. Akasema kwa sauti, nilimsikia vizuri: "Vieux, harufu iko bado."

Kabeya akamjibu kutoka chini, "Achia kifuniko wazi, mupepo utaingia. Bantu beko banangojea gari yabo."

Wale wasioijua kazi hii wanielewe hapa. Tangi lililokuwa na mafuta likimwagwa si kwamba limekuwa tupu. Mvuke wa mafuta unabaki ndani, hauonekani, na huo mvuke ni mbaya kuliko mafuta yenyewe. Unataka cheche moja tu. Siku ile sikuyajua haya.

Ilunga alipowasha mashine nilisikia mlio, na sufuria zikaruka jikoni.

Nilipovuka barabara walikuwa wameshamfunika na turubai. Walinizuia. Nikawaambia huyo ni wangu, niachieni. Alikuwa bado anapumua. Tulimpandisha nyuma ya pick-up, kichwa chake kwenye mapaja yangu, nikawa namsemesha njia nzima. Sikumbuki nilisema nini. Tulipofika hospitali, muuguzi alimshika shingoni, halafu akamwangalia dereva wetu, mimi hakuniangalia.

Vieux Kabeya alikuja kilioni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameinamisha kichwa. Wakati wa kuondoka aliniambia ni mapenzi ya Mungu.

Mpaka leo najiuliza kama Mungu ndiye aliyesema waache kifuniko wazi mupepo uingie.

Baada ya mazishi nilirudi kupika palepale, sikuwa na pengine. Ndipo akaja Papa Donatien.

Huyu ni jirani yetu, mzee wa kanisani, alistaafu kazi ya karakana za reli. Alikaa kwenye benchi yangu, akala, akamaliza, kisha akaanza.

"Mama Odia, kule kwa train tulikuwa na sheria moja. Citerne haiguswe na moto mbele ya kuoshwa na kujazwa maji. Maji inafukuza ile mvuke. Hata chef akasirike namna gani, hatuguse. Hapa kila muntu anajifanyia yake. Tufanye conseil ya quartier. Minakutaka na weye ndani."

Nilimwambia Papa, mimi ni mpishi, nitawaambia nini mafundi?

Akasema, "Utabaambia ile uliona."

Basi conseil, yaani kamati ya mtaa, ikaanzishwa, chef wa quartier akaikubali. Tulikuwa watu wachache: Papa Donatien, mimi, soudeurs wawili, na infirmière, muuguzi wa dispensaire. Asubuhi kabla ya kazi tulipita atelier kwa atelier. Tunaongelea miwani ya kuchomelea, nyaya zilizochubuka, jeki za kubahatisha. Na citernes.

Mwanzoni walitucheka, wakuu. Nisiwadanganye. Vieux Kabeya alitufungia portail, geti lake, kabisa.

Lakini mafundi wote walikuwa wanakula kwangu. Mtu akiwa na bakuli mkononi hakimbii. Nikawa nawaeleza hapohapo, polepole, bila kulia. Niliwaambia Ilunga alinusa, alijua, alisema, na bado alipanda, kwa sababu alikuwa peke yake. Mkikataa wote pamoja, patron atamfukuza nani?

Hilo ndilo liliwaingia.

Ikafika siku ililetwa citerne nyingine kwa Kabeya. Dereva ana haraka, hataki kusikia habari ya kuoshwa. Soudeurs wakazima mashine, wakavuka barabara, wakaja kuketi kwangu. Hakuna aliyepiga kelele. Waliketi tu.

Kabeya akawafuata hadi kwenye meza.

"Mama Odia, unanifungia atelier."

Nikamwambia, "Vieux, hakuna muntu anakatala kazi. Acha bailete maji, baijaze, kisha batasoudé."

"Maji ya kujaza ile citerne yote itatoka wapi? Itachukua siku."

"Basi ichukue siku."

Kabeya alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kitu kuhusu mume wangu, akakimeza. Dereva hakungoja. Aliwasha gari, akatukana, akasema Luano kuna bantu ba kazi, si bavivu kama hapa. Akaondoka.

Wale mafundi walifurahi. Walipeana mikono. Hata mimi nilihisi kitu kifuani, kama vile Ilunga ametetewa.

Papa Donatien peke yake hakufurahi. Akauliza, "Alisema inaenda wapi?"

Luano, upande wa airport, ni ng'ambo ya mji kabisa. Tulichukua moto, yaani pikipiki, mimi moja na Papa moja. Tukauliza njiani, tukaelekezwa.

Tulikuta citerne imeshaingia uani mwa atelier moja. Na juu yake amekaa mtu ninayemjua, Sylvain.

Sylvain alijifunza kazi kwa Ilunga. Alikula kwangu tangu hana ndevu, na kwenye ndoa yake nilipika mimi. Alihamia Luano alipooa.

Msimamizi alisimama mlangoni. Papa Donatien akamweleza kwa adabu sisi ni nani na ile citerne ina hatari gani. Yule akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Papa, muko na heshima yangu. Lakini hapa si quartier yenu. Muko na mandat gani?"

Ruhusa hiyo hatukuwa nayo. Conseil yetu ilikuwa ya Kasungami tu.

Papa akapiga simu kwa chef wa quartier wetu amtafute mwenzake wa pale. Simu ya yule mwenzake haikupokelewa. Basi Papa akapanda tena moto, akaenda kumtafuta ofisini kwake. Akaniambia, "Weye baki. Ongea na Sylvain."

Sylvain alishuka, akaja mpaka kwenye portail. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Miwani mizuri, hilo nililiona.

"Yaya Odia, juu ya nini unakuja huku?" Yaya kwetu ni dada mkubwa, na juu ya nini ni kwa nini.

Nikamwambia, "Sylvain, usiguse ile kitu. Unajua Ilunga alikufa namna gani."

"Minajua, Yaya."

"Basi shuka, twende."

Akageuka akamwangalia msimamizi, kisha akaniangalia mimi. "Kwenu beko bengi, banaweza kukatala. Hapa ni miye moja. Nikikatala, kesho niko nyumbani." Halafu akasema, "Nitaimwagia maji kidogo ndani. Usiogope."

Nilimwambia maji kidogo hayatoshi. Inatakiwa ijae. Nilimshika mkono kupitia vyuma vya portail, wakuu. Aliutoa taratibu, kwa heshima, kama unavyojitoa kwa mama yako. Msimamizi akamwita.

Aliingiza bomba la maji, maji kidogo kama alivyosema, kisha akashusha miwani. Nilikuwa naita jina lake. Majirani walianza kutoka kuangalia huyu mwanamke mwenye kelele ni nani. Nikawaambia rudini, ingizeni watoto ndani. Wengine walinisikia, na hilo namshukuru Mungu.

Mlio ulikuwa uleule.

Sitaandika nilichokiona. Nitasema tu kwamba safari hii hapakuwa na mtu wa kupandishwa kwenye pick-up.

Papa Donatien alirudi na yule chef wakati moshi bado upo. Alivua kofia, akasimama barabarani, hakuweza kuingia.

Kilioni kwa Sylvain nilikwenda. Nilikaa na wanawake wenzangu kwenye mkeka. Mke wake alikuwa ameshapata habari yote kutoka kwa mafundi. Aliniangalia, akasema bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Kwenu mulikatala. Sasa juu ya nini mulituletea shiye?"

Wanawake wakamnyamazisha. Niliwaambia mwacheni aulize.

Nilitaka kumwambia hatukuileta, iliondoka yenyewe, tuliifuata mpaka mlangoni. Yote kweli. Lakini yeye ndiye aliyebaki bila mume, na ile citerne kweli ilipita kwetu kwanza.

Mwenye ile atelier ya Luano alipotea kwa muda, baadaye akarudi. Portail imepakwa rangi mpya, kazi inaendelea. Hilo nalo mlijue.

Sisi tuliamua conseil haiwezi kuishia kwenye mpaka wa quartier. Papa Donatien na miaka yake yote alizunguka mji, Luano na kwingine, anaongea na mafundi na machefs. Wengine walimfukuza. Wengine walikubali. Siku hizi Kasungami tukikataa citerne, kabla haijatoka mtaani tumeshapiga simu kwa mafundi wa mbele, na wao wanawapigia wengine. Dereva anaweza kuzunguka mji mzima bila kupata wa kuigusa citerne yake, mpaka akubali maji.

Si wote. Bado zipo ateliers zisizopokea simu zetu.

Vieux Kabeya siku moja alikuja kwenye réunion, mkutano wetu. Alikaa nyuma. Tulipomaliza aliniuliza ni wapi wanauza mabomba marefu ya maji. Nikamwelekeza. Kumsamehe sijamsamehe, lakini nilimwelekeza.

Mke wa Sylvain tunakutana sokoni mara kwa mara. Namsalimia, haitiki. Naendelea kumsalimia.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Hatari ukiifukuza mlangoni kwako hujaimaliza. Imekwenda mahali, na huko kuna mtu mwenye jina. Siku ile sisi tulipeana mikono wakati ilikuwa bado iko njiani.

Humu najua kuna mafundi, madereva, hata wenye ateliers. Nielezeni kwenu citerne ikija mnafanyaje, na mkiikataa mnamwambia nani. Na kama kuna mwenye jibu la kumpa yule mama, aliandike hapa. Nitasoma yote, hata ya kunilaumu.