Mashine ya Anko Kyalo na Mbuzi wa Ntheo

Iko siku moja nyumbani kwetu Matiliku ambayo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Nitakueleza habari zake, mwanangu, ingawa mimi ni mtu wa haya na mbele ya watu sauti hunikauka. Kwa kalamu najaribu. Usicheke nikikuita mwanangu na bado navaa sare ya shule. Kwetu mtoto akipewa jina la mzee anakuwa yule mzee. Mimi ni Syokau, jina la mama mzazi wa baba, kwa hivyo baba na ndugu zake huniita mwaitu, yaani mama. Anti Ndunge, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, akitaka kunituma husema, "Mwaitu, kimbia dukani ulete chumvi, mtoto wako ana njaa." Basi mwenye jina la uzee ameruhusiwa kutoa nasaha hata kabla ya mvi.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Anko Kyalo, ndugu mdogo wa baba, alikuwa na chumba cha gemu pale sokoni. Vijana walikuja kucheza mpira kwenye mashine mpya, lakini kipenzi chake kilikuwa mashine moja ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti. Watu wazima wakiiona walikuwa wanasahau walikotumwa. Mashine hiyo ilitoa picha kwa waya wa erio, yaani antena. TV yake ya mgongo mkubwa ilipokufa, TV mpya bapa ikaikataa, ikawa inaonyesha chenga tupu.

Hapo Mbithi akajitolea. Mbithi ni fundi wa simu na redio Kwa Vonza, kwao ni Tseikuru, mbali kule kaskazini, na alikuwa amemposa Anti Ndunge. Jumamosi iliyokuwa inakuja, watu wake walikuwa walete mbuzi wa ntheo. Kama umelelewa mjini, mwanangu, jua hivi: bila mbuzi wa ntheo Mkamba hajaoa, hata akifunga harusi kanisani na keki ya ghorofa. Na mbuzi hao wakikataliwa mbele ya watu, msichana anarudi jikoni na aibu ambayo haiishi upesi.

Mbithi akaenda na mashine Kwa Vonza, akairudisha ikiwa na matundu mawili mapya mgongoni, la manjano la picha na jeupe la sauti.

"Shemeji, hii ni zawadi," akasema. "Nimetoa picha kutoka ndani kabisa. Haipiti tena kwa erio."

Kweli picha ikaja na rangi zake. Lakini ukikazia macho pale penye anga ya buluu, unaona mistari myembamba imesimama kama fito za ukuta. Tena kila skrubu chini ya mashine ilikuwa imepakwa tone la rangi nyekundu ya kucha. Anko hakuuliza kitu. Alingoja Mbithi aondoke.

"Mwaitu, umeona hiyo mistari?"

"Nimeona."

"Na hiyo rangi? Mtu anapaka skrubu rangi akificha nini?"

"Labda ni urembo."

"Urembo wa mashine! Huyo ametoa chipu yetu akaweka takataka. Watu wa Tseikuru nawajua."

"Kwani ulishafika Tseikuru?"

"Si lazima nifike. Nawajua."

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi tuliitafuta hiyo kamba kwa bidii. Kwa ukweli wangu, mimi nilimshuku Mbithi hata kabla ya mashine. Alikuwa anasifu chakula kabla hajaonja. Simu yake ikilia alikuwa anatoka kwenda kuongea karibu na zizi. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na hapa kwetu vumbi haliogopi mtu, kwa hivyo nilijiuliza anavifutia wapi na kwa nini. Nikiyaangalia hayo leo, naona shida yangu ilikuwa nyingine. Yeye ndiye alikuwa anakuja kumchukua Ndunge, na moyo wangu ulitaka sana awe mwizi.

Katikati ya wiki picha ikaharibika kabisa. Ilikuwa inapanda juu kama nguo inayovutwa kwenye kamba, inapasuka katikati, na sauti inanguruma kama posho mill ya kusaga unga. Nilipotoka shule Anko alinishika mkono.

"Si nilikwambia? Wewe uko kwenye klabu ya fizikia. Angalia, halafu uniambie ni chipu."

Nikajaribu ninavyojua. Nikabadilisha waya wa manjano, picha bado inakimbia. Nikabadilisha adapta ya umeme, bado. Nikaibeba mashine hadi kwa TV ya nyumbani, hali ni ile ile. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya mashine. Nikaegemeza kiganja juu ya kifuniko nikiwaza, na picha ikasimama. Nikatoa kiganja, ikakimbia. Nikaigeuza. Ile rangi ya kucha ilikuwa imepasuka kwenye kila skrubu.

Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza ni nani ameifungua. Mimi nilisema moyoni, Mbithi huyo, amepaka rangi halafu ameipasua mwenyewe ili tusimshike. Mwanangu, ukishamshuku mtu, hata jua likitoka utasema yeye ndiye amelituma. Sikuwa nimepima chochote cha ndani, lakini nilimwambia Anko, "Inaweza kuwa chipu."

"Jumamosi nitasema," Anko akajibu. "Mbele ya wazee wake. Anayeiba chipu leo, kesho ataiba nini? Hao mbuzi watarudi Tseikuru na miguu yao."

Ijumaa nilikaa na Anti Ndunge tukichambua mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa. Alikuwa anaimba chini chini. Akaniambia ameshaaga kwaya, na mwimbaji wa kuchukua nafasi yake amepatikana. Halafu akanitazama.

"Mwaitu, mbona hunitazami?"

"Vumbi la mahindi," nikasema.

Jumamosi watu wa Tseikuru wakafika, wazee wenye kofia na akina mama wenye leso, na mbuzi wamefungwa kamba. Susu, yaani nyanya yangu, yule Syokau mkubwa, hakungoja salamu ziishe. Aliinama kwa mbuzi wa kwanza, akamfungua mdomo, akamhesabu meno. Mjomba wa Mbithi alikuwa ameshika kamba, akitazama. Susu akapita kwa wengine, akafika kwa mmoja mwenye ndevu ndefu.

"Huyu," akasema, "ana umri wa kuwa mzee wa kanisa."

Watu wakacheka mpaka mjomba mwenyewe akashika kiuno. "Mama, umetushika. Huyo tutabadilisha."

"Mtabadilisha. Karibuni, ketini."

Chai ilikuwa haijamiminwa Anko Kyalo aliposimama. Alikuwa ameshaiweka ile mashine juu ya meza karibu na TV.

"Kabla hao mbuzi hawajapokewa," akasema, "nina neno. Huyu Mbithi alipewa mashine yangu ikiwa nzima. Ameirudisha imetolewa chipu. Mimi sitoi dada yangu kwa mtu wa namna hiyo."

Nyumba ikawa baridi. Anti Ndunge alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Mjomba wa Mbithi akaitafuta kofia yake. Mtu mzima kule kwao hawezi kuitiwa mpwa mwizi halafu akabaki anameza chai. Nilijua wakitoka kwenye lile boma hawarudi.

"Hakuna anayetoka," akasema Susu. "Mbithi, hiyo mashine unaweza kuifungua?"

"Naweza, mama."

"Ifungue hapa, sisi wote tukiona."

Mbithi akatoa bisibisi mfukoni. Alipoigeuza akasimama kidogo. "Rangi imepasuka. Nani amefungua hii?"

Mimi nilitazama miguu yangu, halafu nikajilazimisha kumtazama Anko, na nikaona shingo yake inatoa jasho.

"Niliangalia tu," Anko akasema. "Wiki hii. Ni mashine yangu."

"Uliangalia ukaona nini?" Susu akauliza.

"Nilikuwa natafuta chipu."

"Ukaiona?"

"Sikujua chipu ni ipi."

Mama mmoja wa Tseikuru alikohoa ndani ya leso, na ninavyojua mimi hakuwa na kikohozi. Mbithi akafungua kifuniko. Chipu ilikuwa pale, miguu yake bado na solda ya kiwandani, na vumbi la miaka juu yake ambalo hakuna mkono uliokuwa umeligusa. Lakini kuona chipu hakukuponya picha, na Anko akaling'ang'ania hilo.

"Basi mbona picha inakimbia?"

Susu akanigeukia. "Wajina wangu, wewe ndiye unasoma hayo mambo. Unaona nini?"

Mwanangu, katika maisha yangu sijawahi kuomba ardhi inimeze kama siku hiyo. Lakini Ndunge alikuwa bado ameshika trei. Nikachukua mita ya Anko, ile aliyoinunua akaitundika ukutani kama saa. Nikaweka sindano moja kwenye mdomo wa tundu la manjano, nyingine kwenye bodi ya mashine, mahali pa waya wa arthi, ule wa kurudisha umeme. Zingekuwa zimeungana, mita ingelia pii. Haikulia. Nikaibonyeza kwa kidole ile bati inayofunika bodi, ikalia. Nikaiachilia, ikanyamaza. Kwenye kona ya hiyo bati kulikuwa na tundu la skrubu lisilo na skrubu.

Nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mbu, "Waya wa arthi umeungwa kwa bati. Bati inashikwa na skrubu moja. Skrubu hiyo haipo."

Anko akapapasa mfuko wa shati, halafu wa suruali, halafu akakumbuka. Akatoka nje kwenda kwa pikipiki yake, akarudi na skrubu kiganjani. "Ilibaki nikifunga," akasema. "Nilidhani ni ya ziada."

Mbithi akaikaza. Mita ikalia bila kubonyezwa. Akachomeka waya, na picha ikaja ikasimama wima. Wazee wa kofia wakasogea kuitazama, na mmoja akauliza kama huo mchezo unahitaji darasa.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri usio wangu. Nikamwambia Mbithi, "Lakini na wewe, arthi haining'inizwi kwenye skrubu moja. Ungeiunga moja kwa moja kwa bodi." Mbithi akaona haya. Akasema ni kweli, alikuwa na haraka ya kuirudisha.

"Na rangi yangu ya kucha?" Anti Ndunge akauliza kutoka mlangoni. "Uliniomba ukisema ni ya dada yako."

"Sisi mafundi tunaweka alama," Mbithi akasema polepole, "ili tujue kama kuna mtu amefungua."

"Kwa hivyo ulimshuku ndugu yangu."

"Kidogo tu."

Watu wakacheka, hata Anko, ingawa kicheko chake kilichelewa. Susu hakucheka.

"Kyalo, ulipofungua mashine, fundi wake alikuwa wapi?"

"Hakuwepo."

"Na mimi nilipomfungua mbuzi mdomo, mwenye mbuzi alikuwa wapi?"

Susu akajijibu mwenyewe.

"Alikuwa ameshika kamba. Ndiyo maana mbuzi mzee anarudi na hakuna aliyetukanwa. Mimi nimeshuku kila kitu kilichoingia boma hili tangu niolewe, hata nyinyi watoto. Kushuku hakunisumbui. Kinachonisumbua ni mtu anayekagua kwa kujificha, halafu akivunja kitu anamtafuta wa kumbebesha." Kisha akamwambia mjomba wa Mbithi, "Weka kofia chini, baba. Mbuzi nimewapokea. Yule wa kanisa bado nawadai mwenzake."

Anti Ndunge akamimina chai. Akamwagia Anko kwenye goti, na sijui hadi leo kama ilikuwa bahati mbaya.

Ndunge sasa anaishi Kwa Vonza. Mbithi aliunga ule waya upya kabla ya kuondoka. Kuhusu ile mistari ya anga, anasema mashine za aina hiyo zikitolewa picha hivyo huwa nayo kidogo. Huenda ni kweli. Nitamwuliza tena akija, na nitamwuliza akiwa amekaa mbele yangu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Sikukatazi kushuku. Dunia ina mbuzi wazee wengi, na anayeamini kila kitu atawatafuna kwa taabu. Lakini usikifungue cha mtu akiwa hayupo, na ukikifungua sema umekifungua. Anza na kile mkono wako mwenyewe uligusa mwisho, maana kikulacho ki nguoni mwako. Usiseme "ni chipu" kabla hujapima, kama nilivyosema mimi, kwa sababu neno kama hilo likitoka kwa mtoto wa klabu ya fizikia mtu mzima hulibeba akaenda nalo mbele ya wazee. Na ukiona unatamani sana mtu fulani awe na hatia, keti chini kwanza ujiulize anakuchukulia nini.

Mungu akupe macho makali na ulimi usiokimbia mbele ya macho hayo. Akupe mtu wa kukwambia ukweli ukiwa umesimama mbele ya watu, na nguvu ya kuusikia. Mvua ikukute umeshapanda, na mgeni akukute una kitu jikoni.