Glasi za Wifi

Kinyongo cha fundi cherehani na wifi yake kilianza siku ya harusi, wifi alipombandika jina la Godoro mbele za watu. Jina likaganda. Hata mumewe, ambaye ni kaka wa wifi, alilitumia kila alipotaka kuchangamsha genge.

Kisha wifi akaanza kupungua, na kila alipopungua alileta nguo zibanwe. Sasa fundi anayekupima kiuno utamficha nini? Aliona alama za sindano tumboni. Wifi akanywea, akakiri kuwa ni dawa ya kupunguza unene, chakula hakimpiti kooni, na daktari amemkataza pombe. "Tafadhali wifi, mtu asijue." Fundi akaapa.

Siku ya kuzaliwa kwa wifi, sebule ilijaa ndugu. Wakamsifu gauni, wakamsifu kiuno.

"Ni mazoezi tu na maji ya moto," wifi akasema, akamgeukia fundi. "Godoro naye angefunga mdomo kidogo, angepata umbo."

Wakacheka. Mume wa fundi ndiye aliyecheka mpaka machozi. Fundi alisikia damu inamchemka. Akainuka na chupa ya mvinyo.

"Basi tukunywee afya yako, wifi. Mazoezi hayana mwiko, au vipi?"

Wifi alimkazia macho. Kukataa ni kujianika. Akanywa, na fundi akajaza tena, na tena, huku akitabasamu kwa upole wote duniani.

Haikuchukua muda. Wifi alikimbilia chooni, akatapika mpaka nyongo, kisha kimya. Walimkuta sakafuni, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Fundi akachana mshono aliobana mwenyewe ili mgonjwa apumue.

Hospitalini, muuguzi akauliza anatumia dawa gani. Ndugu wakatazamana. Wifi akamng'ang'ania fundi mkono.

"Anajichoma sindano za kupunguza unene," fundi akasema, kila mtu akisikia. "Hajala kitu, na amekunywa mvinyo. Alikatazwa. Nilijua, na mimi ndiye niliyemmiminia."

"Ungeweza kuniulia dada yangu," mumewe akasema.

"Ningeweza."

Mumewe akaingia na mgonjwa, akafunga mlango. Fundi akabaki kwenye benchi, akijilazimisha kuona huruma. Lakini kilichomjia ni uso wa wifi akiinua glasi ile ya kwanza, na kila ulipomjia, moyo wake ulipata raha.