Jogoo Niliyempelekea Sista

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hasira zilikuwa zimehamia miguuni. Sikuweza kukaa. Nilifundisha nikizunguka darasa mpaka wanafunzi wakashikwa kizunguzungu, na kanisani nilisimama mlangoni kama mgambo. Nilikuwa mwalimu katika kijiji cha Ngumbo, huku ziwani, Mmatengo wa milimani niliyetoroka kwetu Mkumbi baada ya kumvunjia baba heshima.

Tena nilimvunjia wapi? Kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuzungumza mambo yao! Biashara huria ilikuwa imeingia, wanunuzi binafsi wanapanda mlima na magari yao, na baba hataki hata waiguse kahawa yake. Nikamwambia mbele ya wote, ugali ukiwa bado mdomoni, "Baba, wewe umepitwa na wakati." Hakujibu. Kwetu mtu akisema, msikilizaji huitikia, ee, ee; asipoitikia, ujue umemkosea. Hapo unatafuta jogoo, unampelekea, mkila pamoja yamekwisha. Mimi nilipanda gari nikaenda zangu.

Kisha ikaja habari kwamba baba ni mgonjwa, hainuki. Ndugu zangu walisema njoo ukae naye kabla hajatutoka. Nikae! Mimi ambaye hata uji niliunywa nikitembea? Mara mbili nililifikia lori la kupanda milimani, mara mbili nikarudi.

Mwalimu mkuu akachoka nami, akanipeleka kwa Sista, mtawa mzee wa Kizungu aliyesomea uchambuzi wa nafsi huko kwao, kutibu watu kwa kuwasikiliza. Alinilaza kwenye kitanda cha kamba, akaketi nyuma ya kichwa changu nisimwone. "Mwalimu, sema lolote linalokuja kichwani. Usichague." Baada ya hapo, kimya.

Nikasema. Habari za dagaa wa usipa wanaoanikwa mchangani, habari za chaki, habari za mbuzi wa jirani. Kimya. Hata ee moja!

"Sista, upo?"

"Nipo."

Kimya tena. Wiki tatu nilitoka pale nimelowa jasho. Aliponihimiza niseme habari zangu mwenyewe, nilimjibu kwamba kwetu anayesema mimi, mimi, anaonekana ana majivuno. Sisi tunasema sisi. Akasema ndani ya hiyo "sisi" yuko mtu mmoja anahangaika, tumpe nafasi. Nilikasirika kweli. Halafu nikaanza kujihoji: jamani, nimemfanya nini bibi huyu? Sikumwamkia vizuri? Nilikanyaga bustani yake?

Wiki ya nne nikaenda na jogoo. Mwekundu, mkubwa, nimemfunga miguu. Nikapiga magoti sakafuni.

"Sista, nisamehe. Sijui nimekukosea nini, lakini kimya chako kinaniua."

Hakucheka, namshukuru hadi leo. Alivuta kiti akakaa mbele yangu kwa mara ya kwanza.

"Mimi hujanikosea, Mwalimu. Nilinyamaza ili usikie yaliyomo ndani mwako. Huyu jogoo ni wa nani?"

Ala! Nililia mpaka kamasi zikanitoka, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipotulia kidogo alinieleza kwamba tunabeba wakubwa wetu moyoni, kisha tunawavisha watu wengine sura zao, na kazi yake ilikuwa kungoja aone mimi namvisha yeye sura ya nani. Sikutaka darasa. Nilimkwapua jogoo wangu, hata kuaga sikuaga vizuri, nikadandia lori la usipa mpaka Mkumbi.

Baba alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Miguu ikaanza vurugu zake: mlango uko pale, toka. Nikapiga hatua mbili. Jogoo akapiga kelele kwapani mwangu, na baba akageuza kichwa polepole, akamtazama.

"Mnono," alisema. "Mchinjeni."

Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hilo halina mjadala. Jogoo alipoiva, ndugu zangu walimletea. Aliitafuna weee, meno yakamshinda. Akaitoa mdomoni, akaninyooshea.

"Kula wewe, mwanangu. Mimi nitaonja mchuzi."

Nikaila. Ilikuwa imebaki kidogo tu kinywani nilipogundua kwamba nimekaa, ukingoni mwa kitanda chake, na sijui nilikaa saa ngapi.